Mtoto Apatavyo Rafiki Aanzapo Shule

Mtoto aingiapo shule kwa mara ya kwanza hukabidhiwa kazi mbili kwa pamoja. Ya kwanza inajulikana na kila mtu, nayo ni kujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu. Imo katika muhtasari wa masomo, na mwalimu huisahihisha kila siku kwa kalamu nyekundu. Ya pili haikuandikwa popote. Ni kazi ya kupata nafasi miongoni mwa watoto wengi asiowajua, na kumpata walau mmoja wao atakayemtafuta ipigwapo kengele ya mapumziko.

Watu wazima huidharau kazi hii ya pili. Husema kwamba watoto ni watoto, watazoeana wenyewe. Wengi huzoeana kweli, tena kwa siku chache. Lakini karibu katika kila darasa wamo wawili au watatu ambao wiki hupita na bado wamesimama peke yao ukutani, na uchunguzi umeonyesha kwamba upweke huo wa mwanzo si jambo dogo. Mwaka 1990 Gary Ladd, mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, alitangaza matokeo ya kuwafuatilia watoto 125 wa darasa la awali katika mwaka wao wa kwanza. Wale walioanza wakiwa na wenzao wanaowafahamu darasani waliipenda shule mapema zaidi. Wale waliopata marafiki wapya walipiga hatua kubwa zaidi katika kazi za darasa. Na wale waliokataliwa na wenzao tangu mwanzo walielekea kuikwepa shule, na maendeleo yao yakawa duni. Kwa hiyo ile kazi isiyoandikwa huigusa ile iliyoandikwa.

Maana ya rafiki kwa mtoto mdogo

Mtoto wa miaka mitano au sita akiulizwa rafiki yake ni nani, kwa kawaida humtaja yule aliyecheza naye asubuhi hiyo. Na akiulizwa kwa nini, hujibu kwamba ana mpira, au kwamba nyumba zao zinatazamana. Siku mbili baadaye huenda akataja jina jingine kabisa. Robert Selman, katika utafiti alioutolea kitabu mwaka 1980, alieleza kwamba hii ndiyo hatua ya mwanzo ya kuufahamu urafiki: rafiki ni yule aliye karibu sasa hivi na anayecheza mchezo uleule. Habari za uaminifu, za kutunza siri na za kufaana wakati wa dhiki huja baadaye, kadiri mtoto anavyopata uwezo wa kuyatazama mambo kwa macho ya mwenzake.

Hata hivyo isidhaniwe kwamba mapenzi ya watoto wadogo ni mchezo tu. Mwaka 1951 Anna Freud na Sophie Dann waliandika habari za watoto sita yatima, wenye umri wa miaka mitatu hivi, walioletwa Uingereza mwaka 1945 kutoka kambi ya mateso ya Terezin. Watoto hao walikuwa wamewapoteza wazazi wao wakiwa wachanga, wakakua pamoja mikononi mwa walezi waliobadilika mara kwa mara. Walipofika Uingereza waliwachukia watu wazima, wakavunja vitu, lakini wao kwa wao hawakukubali kutenganishwa hata kwa dakika chache. Mmoja alipokosekana, wengine waliuliza yuko wapi. Chakula kilipogawiwa, walihakikisha kwanza mwenzao amepata. Walikuwa hawana maneno ya kueleza urafiki ni nini, ila urafiki wenyewe walikuwa nao.

Jambo moja huwashangaza walimu wapya: watoto walio marafiki hugombana sana. Willard Hartup na wenzake, katika uchunguzi wa mwaka 1988, waliona kwamba magomvi kati ya marafiki wadogo yalikuwa mengi kuliko kati ya watoto wasio marafiki. Tofauti ilikuwa katika kumaliza. Marafiki huachia kamba mapema, ugomvi haupandi sana, na baada yake hubaki palepale wakiendelea kucheza. Mwalimu anayewatenganisha wawili kwa sababu tu wamegombana mara tatu kwa siku moja huenda akavunja kitu kilichokuwa kinajengwa.

Kutoka uani hadi uwanja wa shule

Mtoto haanzi kucheza na wenzake siku ya kwanza ya shule. Amekwisha kucheza miaka kadhaa, ila wenzake wa nyumbani ni wa namna nyingine. Katika miaka ya 1950 Robert LeVine na Barbara LeVine waliishi Nyansongo, katika nchi ya Wagusii nchini Kenya, wakaandika habari za malezi. Kazi yao ilikuwa sehemu ya utafiti mkubwa wa jamii sita ulioongozwa na Beatrice Whiting na John Whiting. Huko watoto wadogo walishinda na ndugu na binamu zao wa boma moja, wakubwa wakiwaangalia wadogo huku wakifanya kazi za nyumbani na za mifugo. Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kusafiri mbali kuyaona hayo. Uani pengi bado ndivyo ilivyo.

Katika kundi kama hilo kila mtoto ana cheo chake. Dada mkubwa huamua mchezo, mdogo hufuata. Mdogo akilia, mkubwa huambiwa amwachie. Hakuna anayehitaji kuomba nafasi, kwa kuwa udugu umekwisha kumpa. Shuleni mambo hugeuka. Watoto makumi wa umri mmoja huwekwa chumba kimoja, hakuna mkubwa wa kuamua wala mdogo wa kuhurumiwa, na nafasi ambayo nyumbani ilikuja kwa kuzaliwa sasa lazima itafutwe. Mtoto aliyekuwa kitinda mimba, aliyezoea kuachiwa kila kitu, huweza kupata mshtuko mkubwa zaidi siku hizo kuliko yule aliyelea wadogo zake.

Umri huo pia ndio ambao wavulana na wasichana hutengana. Eleanor Maccoby na Carol Jacklin, mwaka 1987, walieleza kwamba watoto wa Marekani waliowachunguza wakiwa na miaka minne na nusu walicheza na wa jinsia yao karibu mara 3 zaidi ya walivyocheza na wa jinsia nyingine. Walipofika miaka sita na nusu, tofauti ilikuwa mara 11. Kwa hiyo mtoto mgeni, kwa kawaida, hachagui marafiki katika darasa zima bali katika nusu yake.

Namna ya kuingia mchezoni

Hapa ndipo uchunguzi umefundisha mengi. Mtoto mgeni asimamapo ukingoni mwa uwanja huona michezo imekwisha kuanza: wengine wanacheza rede, wengine mdako, wengine wanafukuzana na mpira wa makaratasi. Tatizo lake si kupendwa. Tatizo lake ni kuingia.

William Corsaro, aliyekaa miezi mingi katika shule za watoto wadogo Marekani na baadaye Italia akishiriki michezo yao, aliona kwamba watoto wanaocheza mara nyingi humkataa anayetaka kujiunga. Lakini sababu aliyoitoa yafaa kuangaliwa na kila mwalimu. Watoto hao hawamchukii mgeni. Mchezo wa watoto wadogo ni kitu dhaifu: mmoja akiondoka au kelele ikitokea, hufa. Wale wawili waliokwisha kukubaliana kwamba jiwe hili ni sufuria na majani haya ni mchicha wanajua kwamba wa tatu aweza kuvuruga kila kitu, nao hulinda walichonacho. Aliyekataliwa mara ya kwanza, akabaki karibu na kujaribu tena kwa njia nyingine, mara nyingi hukubaliwa.

Njia ipi basi hufaa? Mwaka 1981 Martha Putallaz na John Gottman waliwatazama watoto wa darasa la pili na la tatu wakijaribu kujiunga na wenzao wawili waliokuwa wakicheza. Watoto wasiopendwa sana darasani walikuwa na desturi zilezile: waliuliza maswali yaliyosimamisha mchezo, walijisifu au kuzungumza habari zao wenyewe, walipinga kanuni na kutaka zibadilishwe. Waliopendwa walitazama kwanza. Kisha walifanya jambo linalolingana na lile ambalo wenzao walikuwa wakilifanya tayari.

Mchezo wa kuruka kamba waonyesha jambo hili kwa uwazi kuliko maabara yoyote. Watoto wawili huzungusha, mmoja huruka. Mgeni anayejitosa bila kuusoma mwendo wa kamba hupigwa miguuni, kamba husimama, na kila mmoja humkasirikia. Anayekubaliwa haraka ni yule aliyesimama kando, akaitikia wimbo pamoja na wengine, akaona ni nani anafuata zamu, kisha akajitolea kuzungusha pale mzungushaji alipochoka mkono. Kuzungusha ni kazi ambayo hakuna anayeipenda, na kwa sababu hiyo ndiyo yenye nafasi wazi daima. Vivyo hivyo katika mpira: anayekimbilia mpira uliotoka nje na kuurudisha, au anayekubali kukaa golini, huwa mchezaji kamili siku ya tatu.

Kuna wazazi wanaomwambia mtoto, «Nenda kawaambie unataka kucheza nao.» Shauri hilo lina heshima ndani yake, lakini lina hatari. Ombi la wazi hujibiwa kwa ndiyo au hapana, na hapana ni jibu rahisi mno kwa mtoto wa miaka sita. Kumwambia atazame kwanza wanacheza nini, kisha asaidie, ni shauri bora zaidi.

Tena kutazama si kuzubaa. Mildred Parten, aliyechunguza watoto wa shule ya awali huko Minnesota na kutoa matokeo yake mwaka 1932, aligawanya mwenendo wao katika hatua: mtoto asiyejishughulisha na chochote, achezaye peke yake, atazamaye wengine, achezaye kando ya wenzake kwa vitu vilevile bila kushirikiana nao, achezaye nao bila mpango, na hatimaye achezaye mchezo wa kushirikiana wenye kugawana kazi. Mtazamaji na achezaye kando, kwa hiyo, wamo njiani. Mwalimu anayemsukuma mtazamaji katikati ya duara siku ya pili ya shule humnyima darasa lake.

Deski, na njia ya kurudi nyumbani

Ustadi wa mtoto ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni mpangilio wa mahali, na huu umo mikononi mwa watu wazima.

Mwaka 1974 Mady Segal alichunguza wanafunzi wa chuo cha polisi cha jimbo la Maryland, ambao vyumba na viti vyao vilipangwa kwa alfabeti ya majina ya ukoo. Alipowauliza marafiki zao wa karibu ni akina nani, waliwataja wale ambao majina yao yalianza kwa herufi za jirani. Watu wazima hao waliamini kwamba wamechagua. Kwa sehemu kubwa alfabeti ndiyo iliyowachagulia. Mwaka 2021 Julia Rohrer, Tamás Keller na Felix Elwert walitoa matokeo ya jaribio kubwa zaidi nchini Hungaria, katika madarasa 182 ya shule 40, kuanzia darasa la tatu hadi la nane. Wanafunzi walipangiwa viti kwa bahati nasibu kwa muhula mmoja. Kukaa deski moja kulipandisha uwezekano wa wawili kuwa marafiki, kila mmoja akimtaja mwenzake, kutoka asilimia 15 hadi 22. Hata watoto wasiofanana kwa jinsia, kwa alama za darasani au kwa kabila walisogezwa karibu, ingawa si kwa kiasi kilekile.

Katika shule za msingi za Tanzania, ambamo deski moja hukaliwa na watoto watatu na pengine zaidi, jaribio hili hufanyika kila Januari bila mtu kulipanga. Tangu mwaka 2016, ada na michango ya lazima ilipoondolewa katika shule za serikali, uandikishaji wa darasa la kwanza uliongezeka mno, na mwalimu mwenye watoto mia moja mbele yake hawezi kumfuatilia kila mmoja uwanjani. Lakini kuamua nani akae na nani hakuhitaji fedha wala muda. Mtoto aliyehamia kutoka wilaya nyingine aweza kuwekwa kati ya wawili wapole, wanaopita njia moja naye kurudi nyumbani. Njia ya nyumbani isisahauliwe: mwendo wa nusu saa pamoja, kila siku, huzaa mazungumzo mengi kuliko mapumziko yote ya wiki. Na pale darasa la awali linapogawanywa kuwa mikondo ya darasa la kwanza, yafaa kila mtoto abaki na mtu mmoja angalau anayemfahamu, kwa sababu ile aliyoionyesha Ladd.

Vipi kuhusu mtoto ambaye lugha ya nyumbani kwao si Kiswahili? Huyu hupata shida maradufu, ingawa si kubwa kama inavyodhaniwa. Lily Wong Fillmore, katika utafiti wake wa mwaka 1976 huko California, aliwafuata watoto watano wasemao Kihispania waliokuwa wakijifunza Kiingereza kwa kucheza na wenzao. Walioendelea haraka hawakungoja kujua lugha ndipo wajiunge na wenzao. Walijiunga kwanza, wakajifanya wanaelewa, wakashika maneno machache ya mchezo na kuyatumia kila mahali. Marafiki wakawakisia maana. Urafiki ulikuwa mwalimu wa lugha. Michezo yenye maneno machache na vitendo vingi, kama mdako na kombolela, ndiyo mlango wao.

Wanaokataliwa na wanaosahauliwa

Mwaka 1982 John Coie, Kenneth Dodge na Heide Coppotelli waliwaomba wanafunzi wawataje wenzao wanaowapenda zaidi na wasiowapenda. Walipojumlisha majibu waliona kwamba watoto wasio na rafiki si wa aina moja. Wapo wanaokataliwa, ambao wengi husema hawawapendi. Na wapo wanaosahauliwa, ambao hawatajwi na mtu yeyote, kwa wema wala kwa ubaya. Darasani wa kwanza huonekana, kwa kuwa mara nyingi ana fujo. Wa pili haonekani kabisa. Huandika vizuri, hapigi kelele, na mwalimu aliyechoka humshukuru kwa hilo.

Aliyesahauliwa mara nyingi hubadilika apatapo darasa jipya au jirani mwema wa deski. Aliyekataliwa ana mzigo mzito zaidi, kwa kuwa sifa yake hujengeka upesi na humfuata. Coie na Janis Kupersmidt, mwaka 1983, waliwakusanya wavulana wa darasa la nne katika vikundi vya wanne wanne, vingine vya watoto wasiojuana kabisa, wakakutana mara moja kwa wiki. Kufikia mkutano wa tatu, aliyekataliwa darasani kwake alikuwa amekataliwa na wageni pia. Saa chache zilitosha. Hivyo wiki za kwanza za shule si wakati wa kungoja.

Wala uchangamfu usichukuliwe kuwa ni utulivu. Megan Gunnar na wenzake, katika utafiti wa mwaka 1997, walipima katika mate ya watoto wa shule ya awali homoni iitwayo kotisoli, ambayo mwili huitoa wakati wa msukosuko. Watoto ambao kotisoli yao ilipanda sana siku za mwanzo, kisha ikashuka, walikuwa wale wachangamfu na wanaopendwa. Hao ndio waliojitosa katika kundi la wageni, na kujitosa kuna gharama. Wale ambao kotisoli ilibaki juu, au ilianza chini ikapanda baadaye, walikuwa wapweke zaidi. Mtoto aliyenyamaza bila kulia wiki ya kwanza huenda msukosuko wake bado unakuja.

Mwalimu Vivian Paley wa Chicago alichagua njia isiyo ya kawaida, akaieleza katika kitabu cha mwaka 1992: aliweka sheria kwamba hakuna mtoto awezaye kumzuia mwingine kujiunga na mchezo. Watoto wakubwa aliowauliza walimwambia kwamba sheria hiyo ni ya haki lakini haitawezekana. Wadogo waliizoea kuliko alivyotarajia. Inafaa kujaribiwa, ingawa haiondoi haja ya kumfundisha yule mgeni kuusoma mchezo kabla ya kuingia.

Zoezi: kuchora ramani ya urafiki

Njia ya kumwona aliyesahauliwa ilitolewa na Jacob Moreno mwaka 1934, nayo hutaka karatasi na kalamu tu. Wanafunzi wa sekondari waweza kuifanya katika shule ya msingi ya jirani, wakiwa na ruhusa ya mwalimu mkuu na ya mwalimu wa darasa, ambaye ndiye atakayebaki na matokeo.

Katika wiki ya nne ya muhula, kila mtoto aitwe pembeni peke yake, kwa kuwa wengi bado hawajui kuandika, aulizwe swali moja: angependa kukaa deski moja na nani? Ataje majina matatu. Swali la nani asiyempenda lisiulizwe, kwani watoto hutoka nje na kusimuliana walichojibu. Kisha kila mtoto achorewe duara lenye namba, si jina, na mshale uchorwe kutoka kwa aliyetaja kwenda kwa aliyetajwa. Mishale inayokwenda na kurudi ndiyo urafiki. Duara lililopokea mishale mingi ni la mtoto anayetakiwa na wengi. Duara linalotoa mishale mitatu na kupokea sifuri ndilo litafutwalo.

Karatasi yenye majina na namba ikae kwa mwalimu peke yake. Madeski yapangwe upya ili kila duara lenye sifuri likae na mmoja wa wale watatu liliowataja, bila mtoto yeyote kuelezwa sababu. Wiki nane baadaye swali lilelile liulizwe tena, ramani ya pili ichorwe juu ya karatasi nyembamba, iwekwe juu ya ile ya kwanza na kuinuliwa dirishani penye mwanga, na mishale mipya ihesabiwe.